Series III na injini ya Discovery: shajara ya Jumamosi za Arusha

8 Juni

Gari ni Land Rover Series III ya 1979, ile fupi ya inchi 88. Injini bado ni ile iliyotoka nayo kiwandani, petroli, cc 2286. Ilipokuwa mpya ilitoa nguvu za farasi 70 hivi. Sijui leo wamebaki farasi wangapi, ila wanaojua kunywa wamebaki wote. Nimepima kwa dumu: kilomita tano na nusu kwa lita, kwenye lami, bila mzigo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei kikomo za mafuta, nasoma kama mzazi anayesoma matokeo ya darasa la saba.

Nimeamua kufunga 200Tdi. Ni dizeli ndogo ya silinda nne, cc 2495, yenye tabo (feni inayosukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi wake) na intakula (kipoza hewa hiyo), iliyotoka na Land Rover Discovery mwaka 1989. Inatajwa kwa farasi 111, lakini mimi naitamani kwa mvuto wake: niutoni-mita 265, tena kwenye mizunguko 1,800 tu. Injini yangu ya petroli hata siku ya harusi yake haikuvuka 170.

Kijiwe chote kimenipinga. Hapa mjini ukisema unabadilisha injini ya Land Rover, jibu ni moja: weka 3L, dizeli ya Toyota Hiace, spea zake utazipata hata usiku wa manane. Wana hoja, sikatai. Lakini 3L inahitaji pleti ya kuiunganisha na giaboksi ya Series, na pleti hizo nimeona zinavyotengenezwa: zinakatwa kwa gesi, zinapimwa kwa jicho. Ikikaa upande kidogo tu, shafti ya giaboksi inazunguka imelala. Ndani ya miezi michache unanunua bearingi, baadaye unanunua giaboksi. 200Tdi ni ukoo mmoja na injini yangu ya petroli. Bolti zake za nyuma zinakutana na giaboksi ileile bila pleti. Sababu yangu ni hiyo tu. Mapenzi na Land Rover hayamo; ningekuwa nayo ningeiacha ilivyo.

Fundi ni mzee mmoja Mpare aliyestaafu kwenye gereji ya shamba la kahawa. Masharti yake mawili: chai ya saa nne isichelewe, na simu isipigwe akiwa chini ya gari.

15 Juni

Nimeshuka Dar, mtaa wa Gerezani, kutafuta injini. Nimeonyeshwa injini tatu. Ya kwanza ilikuwa 300Tdi, toleo la baadaye, iliyobatizwa jina la 200. Ya pili ilikuwa na maji ndani ya oili, rangi ya chai ya maziwa. Ya tatu namba yake inaanza na 12L, ndiyo ya Discovery. Muuzaji akaapa haijawahi kufunguliwa tangu Uingereza. Nikamwonyesha silikoni nyekundu iliyotapakaa pembeni ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Akanyamaza kidogo, akasema, "Labda waliifungua hukohuko, bosi."

Nimeizungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa spana, inazunguka laini na kubana panapostahili. Nimeshika ekseli ya tabo kwa vidole: inacheza kidogo kwa pembeni, kwenda mbele na nyuma haichezi kabisa. Hilo ndilo nililolitaka. Silikoni ile ilipunguza bei. Injini imepanda lori la saruji kuja Arusha, mimi nimepanda basi.

22 Juni

Mzee ameipokea injini kwa kuizunguka mara mbili bila kusema neno, kisha akaagiza hedi ifunguliwe. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu, na injini za aina hii zikichemsha mara moja, hedi ndiyo inayoumia kwanza. Tumelaza rula ya chuma juu yake na kupitisha fila geji, vipande vyembamba vya kupimia nafasi. Katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, inapita. Imepinda. Imepelekwa mtaa wa Unga Limited kupimwa nyufa na kusawazishwa. Nyufa hakuna, namshukuru Mungu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: gasketi za hedi za injini hii zina unene tofauti, na zinatambulika kwa vitobo vilivyotobolewa ukingoni. Unapima pistoni inachungulia kiasi gani juu ya bloku, ndipo unachagua. Dukani niliambiwa "zote ni sawa, kaka." Nimerudi na dayali ya kupimia ya Mzee mkononi, tukachambua boksi zima mpaka tukapata yenye vitobo viwili.

Mkanda wa taimingi umebadilishwa pia, mkono ukiwa umefika huko. Bolti ya krenki imetutoa jasho. Spana tumeivika bomba la maji la mita moja na nusu, na tulikuwa wawili. Flaiwili, gurudumu zito la mwishoni mwa krenki, inafungwa isizunguke kwa pini inayopita kwenye tundu lililo chini ya nyumba yake. Tundu hilo lina kizibo ambacho hufungwa gari likiingia mtoni na kufunguliwa likitoka. Pampu ya dizeli ya Bosch nayo inafungwa kwa pini ya milimita 9.5, na sisi tumetumia mkia wa drili. Mzee hakubali alama za rangi zilizoachwa na fundi aliyetangulia. "Rangi hupakwa na mtu," anasema.

29 Juni

Injini ya petroli imeshuka. Mabomba matatu, mnyororo wa kunyanyulia, vijana wawili, saa mbili na nusu. Boneti na uso wa mbele vimefunguliwa kwanza, hiyo ndiyo raha ya Series: unaivua kama nguo. Injini imeuzwa siku hiyohiyo kwa mtu wa Monduli anayetaka ya kusukumia pampu ya maji. Nilijifanya sina huzuni.

6 Julai

Leo hatukufunga kitu hata kimoja, na imekuwa siku yenye kazi kuliko zote.

Giaboksi inakubali kukaa nyuma ya injini, ni kweli. Lakini kati yao kuna flaiwili, klachi na kibushi kidogo cha shaba, na hapo ndipo undugu wa hizi injini unapoishia. Kibushi kinakaa mwishoni mwa krenki, na pua ya shafti ya giaboksi inazunguka ndani yake. Discovery ilikuwa na giaboksi nyingine, yenye pua ya kipimo kingine. Tumepima kwa venia: pua ya Series haiendani na kibushi kilichokuwamo. Ukiifunga hivyohivyo gari litatembea, na ndiyo hatari yake, kwa sababu utaona kazi imekwisha. Fundi wa lethi amekereza kibushi kipya cha shaba. Mara ya kwanza kilikuwa kikubwa, mara ya pili kidogo, mara ya tatu kikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba na kutoka na mlio kama kizibo cha soda. Kikalowekwa kwenye oili usiku mzima.

Halafu klachi. Presha pleti ya Series III ni ya inchi tisa na nusu, na matundu ya flaiwili ya Discovery hayalingani nayo. Ningeweza kutumia flaiwili ya zamani, lakini ya Discovery ndiyo yenye tundu la pini ya taimingi na siitaki kuipoteza. Kwa hiyo ikatobolewa upya. Kijana wa kwanza tuliyemwendea alitaka kutoboa kwa drili ya mkononi! Mzee alimwondolea flaiwili mikononi taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Tumepata mwenye mashine, akaigawa duara kwa hesabu, akatoboa, akakata nyuzi. Tumeilaza kwenye visu viwili vya chuma kuona upande mzito unaangukia wapi. Haikuangukia popote.

Gharama ya siku: elfu themanini na tano pamoja na chai.

13 Julai

Injini imeingia saa tano asubuhi na kutoka saa saba.

Mauntingi za zamani zimekubali kukaa kwenye bloku mpya, ila angalieni nyuzi: bolti za Series nyingi ni za inchi na za injini hii ni za milimita. Dogo, kijana anayetusaidia, alitaka kulazimisha moja, akapigwa kofi la mdomo. Tatizo lilikuwa tabo. Kwenye Discovery tabo imening'inia chini ya manifoldi, kule chini kuna nafasi. Kwenye Series hapo pamekaliwa na chesisi. Tulipoishusha injini ikakaa juu ya tabo badala ya kukaa juu ya mauntingi.

Njia zilikuwa mbili. Kukata chesisi na kuiziba upya, jambo ambalo nimeliona likifanyika na gari likaja kupasuka palepale. Au kutafuta manifoldi ya 200Tdi ya Defender, Land Rover nyingine, ambayo inaibeba tabo juu. Kijiwe kilipopata habari kikafurahi sana. "Hiace haina mambo hayo," nikaambiwa, na jamaa akaninunulia soda kwa huruma.

20 Julai

Manifoldi na tabo ya Defender vimepatikana Moshi, kutoka kwenye Defender 110 iliyoungua mbele. Bei imeniumiza. Injini imeingia tena, na safari hii imekaa. Kati ya tabo na chesisi vidole vitatu vinapita. Bomba la kurudisha oili ya tabo kwenye bloku imebidi litengenezwe, na lazima lishuke moja kwa moja bila kupinda juu popote, maana oili hiyo hairudi kwa presha, inaanguka tu kwa uzito wake. Likiwa na kona ya kupanda, tabo inaanza kutoa moshi wa bluu na watu wanailaumu tabo.

27 Julai

Mafuta na umeme. Tangi limevuliwa, limeoshwa kwa dizeli mara tatu, limewekwa mrija wa pili. Petroli ilikuwa inakwenda tu; dizeli inakwenda na inayobaki inarudi. Nimeongeza kikombe cha kutenga maji kabla ya filta. Pampu ya Bosch inalainishwa na dizeli yenyewe, maji yakipita humo utalia.

Umeme ni kidogo ajabu. Koili, distributa na plagi zimeondoka. Zimebaki nyaya tatu za kufikiria: ya stata, ya hita plagi kupitia rilei, na ya solenoidi ya kuzimia juu ya pampu. Solenoidi ikipata umeme inafungua njia ya dizeli, ikikosa inafunga. Nimeiunga kwenye waya wa redio, upo karibu.

3 Agosti

Rejeta. Discovery hubeba rejeta, intakula na kipoza oili ubavu kwa ubavu kwenye fremu moja, na fremu hiyo ni pana kuliko uso wa Series. Tumekata uso kwa ndani, tumesogeza fremu mbele, grili imerudi juu yake na ukipita barabarani hujui kitu. Feni ya injini haikupata nafasi. Nimefunga ya umeme iliyotoka kwenye Toyota Noah. Betri imehamia chini ya kiti.

Mabomba ya intakula nimeyakata kwenye mabomba ya ekzosi na kuyaunga kwa hozi na klipu. Mzee aliyaangalia, akauliza mbona ncha zake ni laini. Nikasema klipu zitabana. Akasema, "Haya."

10 Agosti

Asubuhi ya baridi ya Arusha, ukungu mpaka kwenye uzio. Tumetoa hewa kwenye njia ya dizeli kwa kupampu kwa mkono hadi mapovu yakaisha kwenye filta, tukalegeza nati za nozeli, hita plagi sekunde kumi na tano, stata. Inazunguka. Haiwaki. Tena. Haiwaki. Nozeli kavu kabisa.

Nimetumia saa nzima nikimshuku muuzaji wa Gerezani. Mzee akachukua taa ya majaribio, akagusa solenoidi, akaniambia nipige stata. Taa ikazima. Nikaachia, ikawaka. Waya wa redio hukatwa umeme wakati stata inafanya kazi, ndivyo gari lilivyotengenezwa. Kwa hiyo kila nilipozungusha injini nilikuwa naizima. Nimeunga kwenye waya wa koili ya zamani, usiokatwa.

Imewaka kwa mzunguko wa pili. Moshi mweupe, mweusi, halafu hakuna. Mlio wa dizeli ndani ya bodi ya bati ya Series ni kama kusaga mahindi chumbani. Jirani ametoka na mswaki mdomoni. Dogo amecheza. Mzee ameangalia geji ya oili dakika tano nzima, kisha akaomba chai yake, ilikuwa saa nne na robo.

17 Agosti

Breki kabla ya barabara, sina mjadala kwenye hili. Ngoma za mbele za 88 ni za inchi kumi. Nimefunga za inchi kumi na moja kutoka kwenye 109, Series ile ndefu. Buster ya breki ilikuwa ikivuta hewa kwenye manifoldi ya petroli. Dizeli haina mvuto huo, ila 200Tdi ina pampu yake ya vakyumu ubavuni, unahamisha mpira tu.

24 Agosti

Arusha mpaka Karatu, kama kilomita 140. Nimeichagua kwa sababu ya ule ukuta wa Bonde la Ufa ukitoka Mto wa Mbu. Kwa injini ya zamani nilikuwa naupanda kwa gia ya pili, sindano ya joto ikinifuata, na malori yakinipigia honi. Mzee amekaa kushoto na kofia yake ya sufi.

Tumeanza kupanda kwa gia ya tatu. Gari linavuta! Kona ya kwanza, ya pili, sindano imelala katikati, Ziwa Manyara linashuka upande wa chini, nami nikaanza kuimba. Kona ya nne kikasikika kishindo kama tairi limepasuka, moshi mweusi ukaziba kioo cha nyuma, na farasi wote wakashuka garini. Nimesogea pembeni nikiwa na uhakika tabo imevunjika.

Ilikuwa hozi ya intakula. Imechomoka kwenye bomba. Ndani ya mabomba hayo daima kuna utando wa oili kutoka kwenye tabo, presha ikipanda hozi inateleza juu ya ncha laini kama ndala kwenye sabuni. Mzee akashuka, akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Haya." Tumeirudisha, tumebana kwa waya wa uzio, tumefika Karatu tukinyata.

Jumatatu yake ncha zote zimezungushiwa weldi kidogo, ukingo wa milimita mbili unaotosha kuzuia hozi. Hazijachomoka tena.

7 Septemba

Jambo lililobaki lilikuwa mlio. Kwenye kilomita 80 kwa saa injini inapiga mizunguko kama 2,900, inalia mno kwa dizeli. Difu, gia za katikati ya ekseli, kwenye Series ni za 4.7. Difu za 3.54 za Range Rover za zamani na za Discovery za mwanzo zinaingia kwenye ekseli ya 88 bila kukata chochote. Wenye 109 wasinifuate hapa, nyuma yao kuna ekseli ya aina nyingine, Salisbury, hiyo ni kazi nyingine. Nimezifunga mbele na nyuma, na zote mbili lazima, maana ukifunga moja ukaingiza four-wheel utavunja kitu.

Kwa tairi zangu za 7.50-16, kilomita 80 sasa ni mizunguko 2,200 hivi. Hapo ndipo tabo inapofurahia. Spidi mita ya Series husoma kutoka giaboksi ya pili, haijui habari za difu, kwa hiyo inaposema 75 mimi niko 100. Nimebandika karatasi kwenye dashibodi, maana tochi za trafiki wa Usa River hazijui hesabu hiyo. Kuondoka mlimani kwa gia ya kwanza kumekuwa kuzito kidogo. Nikiwa na mzigo natumia gia za chini. Nimepima tena kwa dumu lilelile, barabara ileile: kilomita kumi na robo kwa lita.

21 Septemba

Kadi ya gari bado ilikuwa inasema petroli, 2286, na namba ya injini iliyoko Monduli. Nimekwenda na stakabadhi ya Gerezani, gari limekaguliwa na trafiki, fomu zimepelekwa TRA, mamlaka ya mapato. Mkaguzi alifunua boneti, akasoma namba, akakaa kimya. Kisha akauliza kwa nini sikuweka 3L.

28 Septemba

Kizibo cha tundu la chini ya flaiwili nakiacha wazi kwa makusudi. Oili ikivuja ndani unaiona chini badala ya kuisikia kwenye klachi. Leo asubuhi kuna tone kwenye saruji, ukubwa wa shilingi. Likiwa la injini ni sili ya nyuma ya krenki, likiwa la giaboksi ni sili ya shafti. Nimelipaka kwenye kidole nikanusa, nikampelekea Mzee naye akanusa. Linanuka kiberiti, ile harufu ya oili nzito ya gia. La giaboksi.

"Injini yako nzima," amesema, akiwa tayari anatafuta spana. Nimeteremka dukani kutafuta sili, na majani ya chai yameisha.